Mwongozo wa Kula Kidogo Katika Mji wa Kula Sana

Kabla ya yote, tafuta kikombe cha kahawa. Si kikombe cha chai, wala si bilauri. Nasema kile kidogo kisicho na mkono, ambacho muuza kahawa chungu wa Mji wa Kale hukigonganisha na mwenzake jioni ili watu wa barazani wajue amefika. Kipime nyumbani kwa bomba la sindano lisilo na ncha, linalouzwa katika maduka ya dawa. Vingi hubeba mililita 60 hivi, vingine hupungua. Hicho ndicho kitakachokuwa sahani yako, bakuli lako na sinia yako kwa wiki kadhaa. Asikwambie mtu kwamba ni kidogo mno. Kwa tumbo ulilotoka nalo hospitali, hicho ni karamu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo akarudi kuuguzwa kwao kisiwani Mombasa: Kibokoni, Bondeni, Makadara, Ndia Kuu, Kizingo, popote ambapo jirani akisikia unaumwa hubisha hodi na sahani iliyofunikwa. Daktari wako na mtaalamu wako wa lishe ndio wenye kauli ya mwisho, na wakikwambia tofauti na haya, fuata lao. Lakini daktari hatakuwepo shangazi atakapoingia na mahamri. Siku hiyo nataka ikukute umejitayarisha.

Fahamu kwanza ulichofanyiwa, maana hapa mjini watu husema tu "amekatwa tumbo" na kuishia hapo. Kuna slivu na kuna baipasi. Katika slivu, kiasi cha robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo huondolewa moja kwa moja, kikabaki kibomba chembamba kama ndizi, chenye nafasi ya mililita 100 hadi 150. Katika baipasi, kifuko kidogo cha kama mililita 30 hutengwa juu ya tumbo na kuunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Baipasi ilianzishwa na daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, kwa hiyo si jambo lililozuka jana. Slivu nayo huondoa ile sehemu ya juu ya tumbo inayotoa kwa wingi grelini, homoni ambayo watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1999, na ambayo kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Ndiyo sababu wengi hukaa wiki za mwanzo bila kuhisi njaa kabisa.

Hapo ndipo shughuli ya Mombasa inapoanza. Tumbo lako haliombi chochote, na mji mzima unakuombea.

Ndani, kuna mstari mrefu wa pini za upasuaji ambao haujapona, na nyama zote za hapo zimevimba. Tonge moja gumu linaweza kuukera mstari huo kuliko unavyodhani. Kwa hiyo utaratibu wa kawaida huenda hivi: siku za kwanza vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga, kisha vinywaji vizito hadi mwisho wa wiki ya pili, kisha vyakula vilivyosagwa wiki ya tatu na ya nne, kisha vyakula laini wiki ya tano na ya sita, na baada ya hapo chakula cha kawaida kwa vipimo vipya. Baadhi ya madaktari huenda haraka kidogo, wengine polepole zaidi. Hakuna anayeanza na biriani.

Kazi ya wiki ya kwanza ni kunywa. Unatakiwa ufikie lita moja na nusu kwa siku, na huwezi tena kuinua gilasi ukaimaliza. Kukaukiwa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha hospitalini watu waliofanyiwa upasuaji huu, na hiyo ni katika nchi za baridi pia. Sisi tuna kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, wakati mtu mzima wa afya akikaa tu kibarazani hutoka jasho la kulowesha kanzu. Fanya hesabu: ukiwa macho saa 15, lita moja na nusu ni mililita 100 kila saa, yaani kikombe chetu kimoja na zaidi kidogo ya nusu, kwa mafunda madogo madogo.

Nani atakukumbusha? Mji wa Kale hauhitaji kengele. Msikiti wa Mandhry uko pale tangu karne ya 16, na mingine imeuzunguka, kila mmoja na mwadhini wake. Baina ya adhuhuri na alasiri ni saa tatu na kidogo. Jaza chupa ya mililita 300 adhuhuri ikitoka, na iwe imekwisha kabla alasiri haijaadhiniwa. Alasiri hadi magharibi, nyingine. Asubuhi ni ndefu, gawa chupa mbili, na ya tano iishe kabla hujalala. Ukiona mkojo umekuwa kahawia na kichwa kinazunguka unaposimama, umechelewa, mpigie daktari.

Madafu utaletewa, na waletao wana haki. Maji ya dafu ni mepesi, yana potasiamu, na kwa wengi tumbo huyapokea vizuri. Mwambie muuzaji akumiminie kwenye jagi. Usinywe kwa mrija, kwa kuwa mrija huvuta na hewa, na hewa katika tumbo jipya huuma. Nyama ya dafu waachie watoto. Dafu moja linaweza kuwa vikombe vitano au zaidi, basi si la kumaliza kwa kikao kimoja, na kwa kuwa lina sukari yake, lisichukue nafasi ya maji ya kawaida. Soda zote ziondoke nyumbani, hata ile ya tangawizi ambayo bibi anaamini ni dawa ya tumbo, kwa sababu ya gesi na sukari. Maji ya miwa yanayokamuliwa na ndimu barabarani, sharubati ya ukwaju, ya embe, ya pasheni, zote zisubiri. Kahawa yenyewe nayo isubiri hadi daktari airuhusu. Kikombe chake tumekiazima, yeye tumwache nje kwa muda.

Kinachobaki ni supu, na hapa hatuna wa kutuzidi. Kuku wa kienyeji, kitunguu maji, kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, chumvi kidogo, bila pilipili. Ichemke mpaka mifupa iachie. Ichuje kwa kitambaa safi, iweke kwenye friji usiku kucha, asubuhi uondoe mafuta yote yaliyoganda juu. Supu iliyobaki ipashe moto, iache ipoe kidogo, uinywe kwa kijiko cha chai. Nina hakika kabisa kwamba supu hiyo ni bora mara kumi kuliko ile ya vidonge vya mchuzi iliyojaa chumvi, ambayo watu hupewa kwa sababu ni rahisi.

Wiki ya pili inaleta neno jipya nyumbani: protini. Lengo la kawaida ni gramu 60 kwa siku au zaidi. Bila hizo mwili hula misuli yake wenyewe, kidonda huchelewa kupona, na nywele ambazo kwa wengi hukatika mwezi wa tatu hadi wa sita huweza kukatika zaidi. Kikombe cha chai chenye maziwa mililita 250 kina gramu 8 tu. Hivyo koroga kijiko cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta ndani ya maziwa hayo, yazidi nguvu bila kuzidi ujazo. Maziwa lala yasiyotiwa sukari ni mazuri sana. Chemsha pojo mpaka zipasuke, ziponde, zichuje kwa chujio jembamba, upate kinywaji kizito cha kijani. Uji wa mtama uwe mwepesi, wa maziwa, bila sukari. Ikiwa umepewa unga wa protini wa hospitali, utie humo.

Siku hizi ni ndefu na zinachosha, na utamwonea wivu kila anayetafuna. Kumbuka kwamba kuna mfalme aliyekuwa hapo ulipo. Katika karne ya 10, Sancho wa Kwanza wa León, katika Hispania ya leo, alinenepa hata akashindwa kupanda farasi, na wakubwa wa nchi wakamvua ufalme. Bibi yake, Malkia Toda wa Navarra, hakumpikia. Alimpeleka Cordoba, kwa khalifa Abd al-Rahman wa Tatu, ambako tabibu wa Kiyahudi, Hasdai ibn Shaprut, alimsimamia kwa vinywaji na mazoezi mpaka akapungua, akarudi akakitwaa kiti chake. Masimulizi mengine yanadai alishonwa midomo. Hilo si la kuiga. La kuiga ni bibi. Kila mgonjwa wa namna hii anahitaji bibi mmoja wa kumshika mkono na kumpeleka kwa tabibu, na sisi tunao mabibi wengi wenye uwezo huo, ila hatujawaeleza kazi.

Wiki ya tatu, vyakula vya kusagwa, ndiyo wiki ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hapo jiko la Pwani linaonyesha thamani yake. Mtume mtu asubuhi kwenye soko la samaki karibu na Bandari ya Kale. Akuletee changu au kolekole mbichi, si wa kukaanga. Mchemshe kwa maji kidogo, ndimu, tungule moja iliyomenywa, bizari kidogo sana na chumvi. Akiiva, mvunjevunje kwa vidole, si kwa uma. Vidole vyako vimejifunza tangu utotoni kuutambua mwiba kabla haujafika mdomoni, na huu ndio wakati wa kuvitumia. Kisha msage na mchuzi wake kwa blenda mpaka awe laini kabisa. Kikombe kimoja cha samaki huyo kinakupa karibu gramu 12 za protini. Ukitaka ladha ya kwenu, tia tui jepesi la mkamuo wa pili, kijiko kimoja. Kasimele iache, mafuta yake ni mazito, yatakugeuza tumbo.

Bokoboko nalo limengojea siku hii. Watu wa kale waliochukua ngano na nyama wakazipika usiku kucha na kuzipondaponda mpaka hujui ipi ni ngano na ipi ni nyama, walikuwa tayari wametengeneza chakula cha mtu asiyeweza kutafuna. Omba lipikwe kwa kuku, nyama izidi ngano, na lisiletwe na samli wala sukari juu. Vijiko vitano au sita vya chai, basi. Mbaazi za nazi unaweza kuzipata pia, lakini ziondolewe maganda kwa kuchujwa, na zianze kidogo kwa ajili ya gesi. Yai la kuchemshwa kidogo, au lililokorogwa laini bila mafuta mengi, lina gramu 6 za protini na hufaa asubuhi ambapo watu wote wanakula mahamri mbele yako.

Sasa sheria ya kinywaji, ambayo ndiyo ngumu kwa watu wetu. Usinywe wakati wa kula. Acha kunywa muda mfupi kabla, na ukimaliza kula subiri nusu saa nzima. Maji hulijaza tumbo dogo likakosa nafasi ya chakula, au husukuma chakula kishuke upesi kuliko inavyotakiwa. Tulilelewa na jagi katikati ya mkeka, na mkono huenda kwenye bilauri wenyewe. Jagi liondoke. Mlo wa kikombe kimoja uchukue dakika 20 hadi 30. Ukisikia shinikizo kifuani, kwikwi, au pua kuanza kutiririka, acha hapohapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja, na hata kama mpishi anakutazama.

Wiki ya tano unapofikia vyakula laini, rudi kwenye mkono. Wataalamu wa nchi nyingine huwashauri wagonjwa watumie vijiko vya watoto na uma ndogo ili wapunguze tonge. Sisi tuna ncha za vidole vitatu. Fanya tonge la ukubwa wa kunde, lihisi kama ni laini, kisha tafuna mpaka liwe uji kabla ya kumeza. Samaki aliyechemshwa, kuku aliyeiva mpaka ananyofoka, kima laini yenye rojo, viazi vilivyopondwa kidogo baada ya protini. Mishkaki bado, nyuzi zake huziba njia. Pweza bado sana. Chapati, mkate wa mofa na mahamri huvimba na kujibandika, vikikwama utajua: kifua hubana, mate hujaa povu, na mwisho ni kutapika.

Na wali? Najua. Kwa mtu wa Mombasa, asiyekula wali hajala, hata kama amemaliza samaki mzima. Punje ya wali hufyonza maji na kuvimba, hukaa kama tope mlangoni mwa tumbo, na haina protini ya kukufaa. Hukumu yangu ni kwamba wali uwe wa mwisho kurudi, baada ya mwezi wa pili au wa tatu, na ukirudi uje kwa kijiko kimoja baada ya samaki, wala usiwe kitovu cha sinia tena maishani. Watu wengi walioshindwa kushikilia uzito wao baada ya upasuaji hawakushindwa kwa karamu kubwa. Walirudi polepole kwenye vitu laini vyenye sukari na wanga ambavyo hupita bila kuuma: uji wa sukari, aiskrimu, sharubati, vitumbua.

Sukari ina adhabu yake nyingine, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi. Kaimati moja yenye shira, au kipande cha halwa, huporomoka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho linakutoka, tumbo linasokota, unaharisha na unataka kulala chini sebuleni mbele ya wageni. Asali nayo ni sukari. Ndugu atakayekutilia vijiko viwili kwenye tangawizi na ndimu kwa jina la dawa anakupenda, lakini kinywaji kikatae.

Tumefika kwa watu. Shangazi ameingia.

"Mwanangu, umekonda! Kwani huli?"

"Nala, shangazi. Kidogo kidogo."

"Kidogo ndiyo kula huko? Twaa hamri moja tu, nimekupikia wewe."

Usibishane, wala usimtajie mililita. Pokea sahani kwa mikono miwili, iende jikoni, waliomo nyumbani wataila kwa furaha, na sahani irudi kwake na kitu ndani kama ilivyo ada. Kisha mpe kazi: "Hamri siwezi mpaka daktari aniruhusu, lakini hakuna aijuaye supu ya kuku kama yako. Kesho niletee, isiwe na pilipili." Mtu aliyekuja kwa mapenzi hataki umalize mahamri, anataka awe na sehemu katika kupona kwako. Ukimwelekeza mapenzi yake yaende kwenye supu, atakuja kila siku na supu. Ukimkatalia tu, atakuja kila siku na malalamiko.

Akila yamini kwamba wallahi usipoonja ameudhika, kumbuka kwamba kiapo kilichovunjika kina kafara, na kafara yenyewe ni kulisha maskini kumi. Chakula kitapata walaji. Mshono wako ukifumuka hauna kafara.

Sinia ya pamoja usiikimbie. Kaa mkekani na wenzako, kikombe chako mbele yako, kula kwa mwendo wako, zungumza zaidi ya kawaida. Wakiona umekaa nao hawatakuhesabia matonge. Harusi za wiki hizo sita nenda kutoa mkono wa pongezi, ukae karibu na mlango, uondoke kabla makombe hayajafunuliwa. Si woga huo. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa biriani humtia kichefuchefu mtu ambaye tumbo lake limebadilika, na ni vibaya kumtapikia bibi harusi.

Watu watasema pia. Katika mji ambao unene wa mke ulikuwa shahada ya mume kwamba anamlisha, anayepungua upesi hupewa maradhi yote: sukari, kifua kikuu, na yale yanayotajwa kwa sauti ya chini. Wengine hujificha nyuma ya uongo wa vidonda vya tumbo. Siri yako ni yako, na hakuna anayestahili maelezo ya mwili wako. Lakini watu wawili lazima waujue ukweli wote: anayepika na anayefungua mlango. Ukiwaficha hao, utalishwa kwa bahati mbaya. Na kama aibu inakusumbua, ujue hukujifanyia jambo la peke yako. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kutafuta tiba ya hilo kuna heshima sawa na kutafuta tiba ya presha.

Ramadhani ikikukuta ndani ya miezi hii ya mwanzo, usifunge kabla daktari hajakuruhusu. Mtu anayepaswa kunywa funda baada ya funda tangu alfajiri hadi usiku hawezi kuyalimbikiza maji yote baada ya magharibi, tumbo halina pa kuyaweka. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na deni la siku hulipwa akipona. Muulize imamu wako kama moyo hautulii. Jioni kaa na familia wakati wa kufuturu, ila tende na kaimati zikupite.

Tembea kila siku, maana damu inayolala miguuni baada ya upasuaji huganda. Njia nzuri ni ya Mama Ngina, kule Lighthouse, lakini nenda baada ya alfajiri. Jioni pale kuna mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, krispi za moto na viazi karai kila hatua kumi, na hakuna sababu ya kujijaribu. Ikiwa ulifanyiwa upasuaji Nairobi na unarudi kwa treni, safari ni ya saa tano na zaidi mpaka Miritini: simama kila saa, tembea behewa zima, na chupa yako ya maji mkononi.

Sasa nisikilize kwa makini. Homa, moyo kwenda mbio hata umelala, maumivu makali ya tumbo, maumivu ya bega la kushoto au pumzi fupi ni dalili zinazoweza kuwa za mshono kuvuja. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kuchoma ghafla, ni dalili za damu iliyoganda. Choo cheusi, kutapika damu, kushindwa kuweka hata maji tumboni siku nzima, au kutapika kwa siku kadhaa kukifuatwa na kuona viwiliviwili, kuyumba na kuchanganyikiwa: hilo la mwisho ni upungufu wa vitamini B1, na ubongo unaharibika ukingojewa. Usinywe habasoda wala ubani ukasubiri asubuhi. Coast General, Mombasa Hospital na Aga Khan zote ziko kisiwani, huhitaji kuvuka Nyali wala Likoni. Shida ni kichochoro. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hazifikiwi na gari, na zingine hata tuktuk haiingii. Kabla ya kwenda kupasuliwa, familia iamue mgonjwa atabebwa mpaka kona gani, kwa kiti kipi, na nani wenye nguvu watakaobeba usiku. Ukutani pabandikwe karatasi yenye jina la upasuaji uliofanyiwa, tarehe yake na namba ya daktari, hasa kama ulipasuliwa Nairobi au India, maana daktari wa zamu hawezi kukisia.

Karatasi hiyohiyo iandikwe dawa zisizoruhusiwa. Kwa aliyefanyiwa baipasi hasa, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa hununuliwa dukani kwa kila maumivu ya mgongo, huweza kusababisha vidonda kwenye kiungo kipya. Vitamini na madini, yaani B12, madini ya chuma, kalisiamu na vitamini D, ni za maisha, si za chupa ya kwanza. Damu ipimwe kila daktari anapoagiza. Mwanamke asubiri mwaka hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba, na mama mkwe aelezwe hivyo na mwanawe mwenyewe.

Neno langu la mwisho ni kwa wataalamu wa lishe wa hospitali zetu za Pwani. Karatasi ambazo wagonjwa wengi hutoka nazo zimeandikwa kwa Kiingereza, zimejaa jibini, shayiri za pakiti na matunda ambayo hayaoti huku, na mpishi wa nyumba hajui aanzie wapi. Ziandikeni kwa Kiswahili. Wekeni pojo, changu, maziwa lala na bokoboko, pimeni kwa kikombe cha kahawa, elezeni wali unarudi lini. Kisha karatasi hiyo msimpe mgonjwa peke yake. Mwiteni na yule anayempikia, mumsomee mpaka aelewe.